Ukitaka Pikapu Nzuri, Panda Nyuma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo kiuno kinaniuma na moyo unafurahi. Ni siku Mzee Mwiti aliponishusha kwenye usukani wa pikapu ya baba yangu, mbele ya madereva wote wa viazi wa Timau, akaniamuru nipande nyuma. Hakusema nikae kando ya dereva. Alisema nyuma, kwenye bodi, pale tulipokuwa tukipakia magunia.

Nitakusimulia yote, lakini kwanza weka hiyo simu kando. Jumapili tulipotoka kanisani ulikuja hapa kwangu, mtaa wa Dallas, ukasahau hata chai niliyokumiminia, ukaanza kunionyesha picha za pikapu moja baada ya nyingine. "Shosho, cheki hii. Hii ni noma! Iko na skrini kubwa, iko na viti za ngozi, hata unaweza kuiwasha ukiwa bado uko kwa nyumba." Nikakuuliza utabeba nini. Ukasema ndengu na maembe ya wakulima wa Gachoka, kuleta hapa Embu, na mara moja moja kuvuka mpaka Meru. Nikakuuliza tena, na nyuma iko vipi? Ukacheka. "Nyuma ni nyuma tu, Shosho. Wote wako na nyuma."

Sikukujibu siku ile kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mimi sipendi kusema jambo la maana huku mtu anatazama simu. Leo nakujibu. Wewe Mugendi ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu, lakini kwa maneno ya namna hii nitakuita mwanangu, na mwenzako yeyote anayetafuta gari lake la kwanza naye asikilize.

Mimi nilishika usukani wa pikapu kabla baba yako hajazaliwa. Nasema hivyo kwa kujisifu, na kama kuna wa kunikataza kujisifu, bado sijamwona. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta katika mashamba makubwa ya ngano kule Timau, ambako baridi ya asubuhi inakufanya usizisikie ncha za vidole. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na kaka yangu Kirimi, ingawa namwita kaka, alinifuata kwa umri. Baba hakuwa mtu wa kungoja mvulana akue. Alinipakata kwenye trekta nikiwa mdogo, akanifundisha klachi na gia kwa lugha ileile aliyotumia kunifundisha kukamua ng'ombe. Baadaye akanunua pikapu kuukuu ya kubeba viazi. Siku alipoanguka kutoka juu ya mashine ya kuvunia ngano akaumia goti, alinitupia ufunguo akiwa bado amelala kitandani. Hakutoa hotuba yoyote. Aliniambia tu nisisahau kutazama maji ya injini.

Watu walisimama kando ya barabara kuhakikisha kama kweli ni msichana. Dereva mmoja, Gitonga, kijana mwenye mdomo, aliniuliza kama sina sufuria za kuosha nyumbani. Nikamwambia ninazo, na nitaziosha nikishapeleka magunia yangu sokoni na kurudi, yeye akiwa bado anangoja mzigo. Alikuwa hajapata. Wenzake walimcheka mpaka akajificha chini ya boneti yake akijifanya anatazama mafuta.

Na pikapu yetu ilikuwa pikapu, mwanangu. Haikuwa nzuri kwa macho. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa waya. Lakini baba alikuwa amempa fundi kazi ya kuongeza springi za nyuma, vile vyuma vipana vinavyopangwa kimoja juu ya kingine juu ya ekseli, ili iweze kubeba kuliko wenzake. Na ilibeba! Wapakiaji walipopanga magunia mpaka wakadhani imetosha, nilikuwa ninashika kiuno na kuwaambia, "Ongeza, bado ina njaa." Nilikuwa naondoka pale nikiwatazama madereva wengine kwenye kioo, nikitabasamu peke yangu.

Sasa, madereva wakingoja mzigo hawakosi maneno. Asubuhi ile tulikuwa tumeegesha mahali pa kupakia, ukungu haujainuka, na ubishi ulikuwa ni huu: pikapu nzuri ni gani? Gitonga alisema ni injini. Alitaka gari ambalo ukikanyaga linaitika papo hapo. Mwingine alisema anataka lile linalokunywa mafuta kidogo, hayo mengine ni fahari ya kijinga. Mzee mmoja wa Nanyuki alisema yeye anataka gari ambalo spea zake zinapatikana hata kwenye duka la sukari. Kuna aliyetaka kiti kisichovunja mgongo, kuna aliyetaka honi inayosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Na wote walikuwa sawa, sikudanganyi. Mpaka leo ukiwauliza madereva watakwambia hayohayo, ila sasa wameongeza skrini.

Ilipofika zamu yangu nilisema kwa sauti kubwa kwamba pikapu nzuri ni ile inayobeba. Nikapiga bodi ya gari letu kwa kiganja. "Kama hii," nikasema.

Mzee Mwiti alikuwa ameketi juu ya gunia akisikiliza. Huyo ndiye aliyekuwa amewafundisha kuendesha karibu madereva wote wa upande wetu. Alikuwa ameendesha maisha yake yote, mpaka macho yalipoingia ukungu akalazimika kuacha usukani. Lakini hakuweza kukaa nyumbani. Kila asubuhi alikuja pale na fimbo yake, na kwa kusikia tu mlio wa injini alijua ni nani anapanda mlima na kama amebeba au hakubeba.

"Nyinyi nyote mmesema vile dereva anataka," akasema. "Hakuna mtu amesema vile ile kitu iko nyuma inataka. Iko mtu hapa ashawahi kupanda gari yake nyuma?"

Tukacheka. Nani apande nyuma na kiti kiko mbele?

"Karimi, shuka," akasema. "Panda nyuma. Gitonga ashike usukani."

"Mzee, mimi ni dereva," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuambia upande. Kama ungekuwa abiria ningekuambia ukae mbele."

Sikuwa na namna. Mtu mzima amesema mbele ya watu, na kwetu hujibizani na mtu wa rika la babu yako. Nikapanda. Gari lilikuwa tupu, na Gitonga, nadhani unaweza kukisia alivyofurahi, akaliondoa kwa kasi akapanda nalo njia ya mashambani, mpaka kwenye mti wa mwisho, akageuza akarudi. Mwanangu, nilirushwa. Niliposhika keria, ile fremu ya vyuma iliyosimama juu ya bodi, mkono ukaponyoka. Nilipoketi, nilijikuta hewani tena. Nikajaribu kulala, hiyo ikawa mbaya zaidi. Kilemba changu kilibaki shambani kwa watu, na ulimi niliuuma mpaka nikasikia chumvi ya damu. Zile springi nilizokuwa nazisifu, zikiwa hazina mzigo wa kuzikalia, hazikutaka kukunjika hata kidogo. Kila shimo la barabara lilinifikia mwilini lilivyo.

Nilishuka nimeshika kiuno. Madereva walikuwa wameshika mbavu kwa kucheka.

"Umeonaje gari yako?" Mzee Mwiti akaniuliza.

"Inarusha."

"Na ikiwa imejaa?"

"Sijui," nikasema, na huo ndio ulikuwa ukweli wenyewe.

Akatikisa kichwa. "Hii gari mmeifunza kubeba viazi tu. Viazi haina mifupa. Siku utabeba mwenye mifupa, utaniambia."

Nilikasirika, nisikufiche. Niliona amenitia aibu kwa sababu mimi ni msichana. Nilifika nyumbani nimefura, nikamweleza baba, nikitegemea atatwaa fimbo aende kumwuliza mzee huyo maswali. Baba alicheka mpaka akashika goti lake bovu kwa maumivu. Kumbe naye, miaka ile akijifunza, Mwiti alimpandisha nyuma ya lori la ng'ombe.

Hapo hasira ikaniisha na udadisi ukaingia. Nikaanza kupanda nyuma kwa hiari yangu. Nilikuwa namwachia baba usukani siku goti linapompa nafuu, nami napanda na mzigo, nusu mzigo, na bila mzigo, nikilala chali nikitazama mawingu, nikisikiliza gari kwa mgongo. Wapita njia walidhani nimerukwa na akili. Lakini nilijifunza. Nilijua likijaa linatulia lakini linayumba kwenye kona. Nilijua likiwa tupu halifai hata kubebea kuku. Na nilijua kwamba ukipanga magunia safu moja, yakafunika sakafu yote kutoka kebini mpaka mlango wa nyuma, springi zinakaa na gari linatembea kwa adabu. Hakuna aliyenifundisha hilo la safu moja. Nililipata mwenyewe, kwa mgongo wangu huu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe.

Ilikuwa majira ya mvua ndefu, mvua ile ya Timau isiyopiga kelele lakini haikatiki. Barabara yetu kutoka mashambani mpaka lami wakati huo ilikuwa udongo mtupu, ikiteremka mpaka kwenye kijito na kupanda tena upande wa pili. Ikilowa, hata mbuzi walichagua pa kukanyaga. Mchana nilikuwa nimefika nyumbani na gari tupu, magunia yamepangwa chini ya kibanda yakingoja mvua ipungue. Mzee Mwiti alikuwa kwetu akiota moto na baba.

Kirimi akaja mbio, hana viatu, matope mpaka magotini. Mkewe Kendi alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na mkunga alikuwa amesema mtoto amelala vibaya tumboni. Lazima afike hospitali mjini Meru, tena mchana huohuo. Nyuma ya Kirimi wakaja wanawake wamembeba Kendi juu ya godoro, kila mmoja ameshika pembe, wengine wameshikilia turubai juu yake. Alikuwa hawezi kuketi. Hata kugeuka hakuweza. Nilimwona uso, na Kendi alikuwa msichana niliyemaliza naye shule, tukikaa dawati moja. Aliniangalia bila kuniona.

Kirimi akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akataka godoro litupwe ndani. Kila mtu alikuwa anapiga kelele, twende, twende.

Nami nikasema, "Ngojeni. Pakieni viazi kwanza."

Wakanigeukia wote. Kirimi alinijia mpaka usoni. "Karimi! Bibi yangu anakufa na wewe unawaza soko?" Mama yangu mzazi alinitazama kana kwamba siye aliyenizaa. Kuna mama mmoja aliniita shetani, na mimi namsamehe, lakini nilimsikia vizuri.

Nikawaambia, "Gari ikiwa tupu itamrusha mpaka tumuue sisi wenyewe. Na kwa ile mlima ya kijito tairi za nyuma hazitashika. Tutakwama naye kwa matope. Weka safu moja tu. Moja."

Kirimi hakusikia. Mtu aliye katika hali ile hasikii. Alinyoosha mkono achukue ufunguo, akisema ataendesha mwenyewe. Nilifunga ngumi juu ya ule ufunguo. Mwanangu, nilikuwa naogopa. Usidhani nilikuwa jasiri tu. Kama nimekosea, ningebeba jina la aliyemwua mke wa ndugu yake kwa ajili ya viazi, na ningelibeba mpaka kaburini. Lakini mgongo wangu ulijua, na sikuachia.

Mzee Mwiti akasema kutoka mlangoni, bila hata kuinua sauti, "Mwacheni. Hiyo gari ni yake."

Kisha baba yangu, aliyekuwa hatembei bila fimbo, aliiegemeza fimbo ukutani, akachechemea mpaka kibandani, akakumbatia gunia la kwanza. Alilibeba peke yake mpaka kwenye gari. Hakunitazama. Alirudi kushika la pili, na hapo Kirimi akalia kwa sauti, akashika gunia upande wa pili, na wengine wote wakafuata. Nimewahi kupewa zawadi maishani, mwanangu, lakini sijapewa kubwa kuliko lile gunia la kwanza.

Ilikuwa kazi ya haraka. Safu moja, sakafu yote. Juu yake tukatandika majani makavu ya ngano, juu ya majani godoro, juu ya godoro Kendi, na mama na mkunga wakakaa kila mmoja upande wake. Turubai likafungwa juu ya keria. Kirimi alikataa kuingia ndani, akasimama nyuma kwenye bampa ameshika vyuma, mvua yote ikimwishia mgongoni. Mzee Mwiti akaingia kando yangu, akaegemeza sikio kwenye kidirisha cha nyuma.

Sijawahi kuendesha namna ile, na sidhani nimeendesha vizuri namna ile tena. Yeye alikuwa anamsikiliza Kendi, mimi namsikiliza yeye. "Polepole," alikuwa ananiambia uchungu ulipokuja. "Bado... bado... sasa enda." Macho yake hayakuona barabara, lakini alijua pumzi za yule binti kuliko mimi nilivyojua gia. Tukateremka mpaka kijitoni kwa gia ya kwanza bila kugusa breki. Tulipoanza kupanda upande wa pili nikasikia tairi za nyuma zinaanza kuteleza. Gari likaenda upande kidogo. Nikasema Mungu wangu, kwa Kimeru, kwa sauti. Halafu uzito ule wa viazi ukakaa juu ya tairi, tairi zikauma udongo, na gari likapanda. Lilipanda taratibu, likinguruma, bila kurudi nyuma hata kidogo. Tulipogusa lami Mzee Mwiti alipumua, nami ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa.

Hospitalini wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu. Tukafungua turubai. Kendi alifumbua macho, akatazama majengo, akamwuliza mama yangu, "Tumefika? Mbona sikusikia barabara?"

Mwanangu, nimeendesha miaka mingi. Nimesifiwa na watu wenye mashamba na wenye vyeo. Hakuna aliyenipa sifa iliyopita ile, na mwenyewe hakujua anasifu.

Madaktari walimpasua, wakamtoa mtoto wa kike akiwa anapiga kelele za kutosha wodi nzima. Mama na mtoto wakarudi nyumbani salama, nyuma ya pikapu ileile, safari hii jua likiwaka. Kwa desturi yetu mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa baba, yaani mama yangu. Sikuona wivu. Labda kidogo tu. Leo yeye ni mwalimu, ana watoto wanaonisumbua kila likizo. Kirimi hakuniomba msamaha kwa mdomo, maana wanaume wa kwetu maneno hayo huwakwama. Lakini asubuhi iliyofuata niliamka nikamkuta anaosha gari langu, tangu rimu mpaka kwenye kebini, na alikuwa ametengeneza ule mlango wa waya ukafungika. Vile viazi vyenyewe tuliwapikia wageni waliokuja kumwona mtoto.

Tangu siku ile nikawa na jina. Mgonjwa wa mlima wetu alingojeshwa mpaka pikapu ya Karimi ipite. Mabibi arusi walipanda humo wakashuka nguo zimenyooka. Hata Gitonga, bila kumwambia mtu, alianza kuweka magunia nyuma kila anapobeba watu, nami nilimwona na nikanyamaza, kwa sababu kunyamaza huko kulikuwa kutamu. Na babu yako, mwalimu kutoka huku Embu aliyehamishiwa shule ya Timau, alihama kwa gari langu akiwa amelala nyuma juu ya godoro lake kwa uchovu. Alishuka akiwa na alama za usingizi shavuni, akaniambia hajawahi kusinzia ndani ya pikapu. Ukitaka kujua kwa nini wewe uko duniani, ulizia springi.

Kwa hiyo, Mugendi, nisikilize sasa ninavyokupa. Ukifika yadi ya magari, yule muuzaji atakufungulia mlango wa dereva. Mwambie asante, halafu uzunguke nyuma. Panda. Lala chali, shati jeupe lichafuke, usijali. Mwambie yeye aendeshe, na akupitishe kwenye barabara mbaya, si kwenye ile lami ya mbele ya yadi. Barabara ya Gachoka ina vumbi na ina matuta madogo yasiyokwisha, na maembe yaliyoiva hayana subira kama viazi. Uone kama mlango wa nyuma unashuka chini vya kutosha, mama wa miaka yangu aweze kuegemeza gunia lake bila kuvunjika. Uone kama keria ina mahali pa kufunga kamba na turubai. Injini, sawa, ikupandishe mlima bila kupiga kelele za kuomba msaada. Spea, sawa, yule mzee wa Nanyuki alisema kweli. Mafuta, ni wewe na mfuko wako. Hiyo skrini waache waiweke, haiumi mtu, na kamera ya nyuma ni kitu kizuri, nimeiona na nimeipenda. Ila ikuonyeshe tu. Isikufanye udhani umejua.

Na ukishalipata, liendeshe tupu, liendeshe nusu, liendeshe limejaa, na kila mara umwachie mtu usukani wewe upande nyuma, mpaka ulijue kwa mwili. Siku itakuja ambapo watu wengi watakuwa wanakupigia kelele uondoke upesi, na wewe peke yako ndiye utakayejua kwamba bado. Siku hiyo usione haya. Funga ngumi juu ya ufunguo wako.

Tena nikwambie jambo, usikunje uso. Hapa kwetu mtu hurudishwa nyumbani kwa pikapu, mara ya mwisho, wana wa ukoo wakiwa wameketi pande zote mbili. Nimewabeba wengi namna hiyo, na baba yangu nilimbeba mwenyewe, sikumpa dereva mwingine. Zamu yangu itafika, na nataka iwe ni gari lako. Nitakuwa nyuma nimelala, na kwa mara ya kwanza tangu unifahamu sitaweza kukwambia upunguze mwendo. Utajua mwenyewe.

Mungu akupe gari lisilokuaibisha mlimani. Akupe mzigo wa kutosha na watu wa kukuamini. Akupe mgongo unaojua na mdomo usioogopa kusema. Wote utakaowapandisha washuke wazima, na wale watakaopanda kwako wawili washuke watatu. Nenda, mwanangu. Lakini kunywa chai kwanza.